Kwa nini 585 ilifika Kiuyu na FM ya mjini ikaishia njiani

Redio ya babu yangu ilikaa dirishani, imefungwa kwa mpira wa baiskeli ili betri zisichomoke, antena yake imekatika na kuungwa kwa waya. Ilikuwa na swichi ndogo ya alama tatu: FM, MW, SW. Ya FM ilikuwa haiguswi. Ukiiweka hapo unapata "shhhh" tupu, au siku nyengine, hali ya hewa ikipenda, unapata vituo vya Mombasa, nchi nyengine kabisa. Ukiirudisha MW na kuzungusha mpaka 585, pale pale yupo mtangazaji wa Unguja. Sauti yake nzito, kama mtu anayezungumza akiwa ndani ya mtungi, lakini neno hata moja halikupotei.

Nilikuwa namuuliza: babu, si wanasema FM ndiyo nzuri? Jibu lake lilikuwa moja tu siku zote: "Hiyo ya watu wa mjini."

Nimekuja kusoma mambo ya mawasiliano chuoni na bado naliona lile ni jibu zuri, ila lina kazi ndani yake. Ukitaka kulielewa lazima ujue sauti inapandaje juu ya wimbi la redio. Haya, tukae kitako.

Kwa asiyepajua: Kiuyu ni ile rasi ya kaskazini mashariki ya Pemba. Ipo Kiuyu Mbuyuni upande wa Micheweni, ipo Kiuyu Minungwini upande wa Wete, na watu wake wanaishi kwa uvuvi, mwani na mashamba. Kutoka hapo mpaka mji wa Unguja, kama kunguru arukavyo, ni kiasi cha kilomita 150. Shika namba hiyo, tutairudia.

Tuanze na swali la kitoto, kwani ndilo gumu. Kwa nini redio isirushe sauti yenyewe moja kwa moja? Sauti ya mtu ni mtikisiko wa hewa, mara mia kadhaa mpaka elfu kadhaa kwa sekunde. Maikrofoni inaugeuza mtikisiko huo kuwa umeme unaotikisika vile vile. Kwa nini basi umeme huo usipelekwe kwenye antena ukaondoka zake?

Unaweza kuondoka, lakini tazama hesabu. Mawimbi ya redio yanakwenda kilomita 300,000 kwa sekunde. Sauti inayotikisika mara 1,000 kwa sekunde itatoa wimbi lenye urefu wa kilomita 300. Na antena inafanya kazi yake vizuri ikikaribia robo ya urefu wa wimbi, yaani hapa kilomita 75. Pemba yote, kutoka kusini mpaka kaskazini, haifiki kilomita 70. Ungehitaji mnara mrefu kuliko kisiwa, usimamishwe wima! Na hata ukiupata, kila kituo duniani kitakuwa kinazungumza mahali pale pale, juu ya sauti za wenzake, kama soko la samaki asubuhi.

Dawa yake ni kutafuta chombo cha kubeba. Unatengeneza wimbi linalotikisika haraka mno, tuseme mara 585,000 kwa sekunde, yaani kilohezi 585. Urefu wake ni mita 513, na robo yake ni mita 128. Mnara wa mita 128 unajengeka. Wimbi hili peke yake halina habari yoyote, ni jahazi tupu linalokwenda na kurudi. Mzee wa Kiuyu alikuwa analijua bila kuambiwa: alfajiri, dakika chache kabla matangazo hayajaanza, ile "shhhh" ya redio ilizima ghafla, pakawa kimya. Mitambo imeshawashwa Unguja, jahazi limeshafika, abiria bado hawajapanda.

Kuwapandisha abiria ndiko kunakoitwa modulesheni: unakibadilisha kitu kimoja katika wimbi hilo la kubeba, na mabadiliko yale yanaifuata sauti.

Njia rahisi kuliko zote ni kulizima na kuliwasha. Ndivyo redio ya mwanzo ya pwani yetu ilivyokuwa, ile wazee waliyoiita simu ya upepo: haikuwa na sauti ya mtu, ni vidoko vifupi na virefu vya Morse. Usidharau. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika Afrika Mashariki, manowari ya Kiingereza Astraea ilikuja mbele ya Dar es Salaam tarehe 8 Agosti 1914 na kufyatua mizinga, na shabaha yake ilikuwa mnara wa simu ya upepo wa Wajerumani. Chombo kisichoweza kutamka hata "hujambo" kilikuwa kinastahili mzinga.

Njia ya pili ni kubadilisha kimo cha wimbi. Sauti ikipanda, wimbi linakua. Sauti ikishuka, wimbi linapungua. Kasi ya mtikisiko inabaki ile ile 585. Umewahi kusikiliza adhana ya msikiti wa mbali siku ya upepo? Muadhini hajabadilisha sauti, upepo ndio unaoikuza na kuipunguza. Ukitazama kukua na kupungua kule tu, unaweza kuuchora upepo. Hiyo ndiyo AM. Mtu wa kwanza anayejulikana kurusha maneno kwa njia ya namna hii ni Reginald Fessenden, na hilo lilifanyika tarehe 23 Disemba 1900 katika kisiwa cha Cobb, kwenye Mto Potomac, Marekani. Maneno yake yalikwenda kiasi cha kilomita moja na nusu, yakiwa yamejaa makelele.

Uzuri wa AM uko upande wa msikilizaji. Ili kuishusha sauti kutoka juu ya wimbi unahitaji daiodi moja ya kukata nusu ya wimbi, na kapasita ndogo ya kulainisha kinachobaki. Basi. Kilichobaki ni sauti. Ndiyo maana redio ya AM iliweza kuwa rahisi, na ikaweza kuishi kwa betri wiki nyingi kule ambako nyumba hazikuwa na umeme. Lakini kuna mtu analipa gharama. Hata mtangazaji akipaza sauti mpaka mwisho wa kipimo, theluthi mbili ya nguvu ya mtambo inaingia katika lile jahazi, ambalo halina habari ndani yake, na theluthi moja tu ndiyo inayobeba maneno. Wahandisi wanaliita hili upotevu. Mimi siliiti hivyo. Mjini walichoma umeme mwingi ili Kiuyu atoshe mtu mwenye daiodi na betri mbili, na mpango huo ulikuwa wa haki kuliko mingi iliyofuata.

Zanzibar ilianza matangazo yake mwaka 1951, kwa jina la Sauti ya Unguja. Mwaka ule ule, ng'ambo ya pili, ikaanza Sauti ya Dar es Salaam. Zote AM, na wala hapakuwa na swali. Masafa ya kati, kama haya ya 585, yana tabia moja nzuri kwa watu wa visiwani: wimbi lenye urefu wa nusu kilomita halikatiki linapofika upeo wa macho. Linaambaa na ardhi, linapinda na dunia, na maji ya chumvi, kwa kuwa yanapitisha umeme vizuri, yanalibeba kuliko nchi kavu. Mkondo baina ya Unguja na Pemba, unaowatapisha abiria wa meli, kwa wimbi la redio ni barabara ya lami.

Masafa mafupi yalikuwa na maajabu zaidi. Haya hupanda juu, yakagonga ionosfia, tabaka la hewa lililochajiwa umeme na jua, yakarudi chini mbali sana. Mwaka 1954 Redio Cairo ilianza matangazo kwa Kiswahili, na serikali za kikoloni hazikuyapenda hata kidogo. Utazuiaje? Cairo na Kiuyu ni karibu kilomita 4,000, lakini mawimbi yanatoka angani, hayapiti forodhani. BBC ikafuata kwa Kiswahili mwaka 1957. Ikiwa umewahi kusikiliza matangazo ya namna hii unakumbuka sauti inavyokuja na kwenda, wakati mwengine ikikwaruza kama inachanika. Ni wimbi moja linalofika kwa njia mbili, moja ndefu na moja fupi, na mawili hayo yakikutana kinyume yanauana. Kwenye AM kimo ndicho habari, kwa hiyo kimo kikichezewa njiani, habari inachezewa.

Na chombo hakimjui nahodha. Tarehe 12 Januari 1964 kituo cha redio cha Raha Leo kilitekwa, na sauti iliyotoka kwenye redio zile zile ikawa ya John Okello, akijiita Field Marshal. Okello aliwahi kuishi Pemba miaka michache kabla. Redio iliyozoeleka kwa taarabu na habari ndiyo iliyoleta amri na vitisho, na kwa mtu aliyekuwa mbali na mji, wimbi hilo moja lilikuwa ndiyo serikali yenyewe. Nakuachia ulipime hilo mwenyewe. Mimi narudi kwenye umeme.

Udhaifu wa AM kila mtu anaujua, ila hajui kwamba anaujua. Masika, radi ikipiga, redio inapasuka "kra!". Ukiwasha taa, "tk!". Pikipiki ikipita, inanguruma. Sababu ni kwamba radi nayo ni redio: inatupa mawimbi ya kila namna, na mawimbi hayo yakijumlishwa na lile la Unguja yanabadilisha kimo chake. Redio haina njia ya kujua kimo kipi ni cha mtangazaji na kipi ni cha radi. Unaongeza nguvu ya mtambo, unapata nafuu. Huponi.

Mmarekani Edwin Armstrong alitumia miaka mingi juu ya tatizo hili, kisha akaligeuza juu chini. Kama makelele yanaharibu kimo, tusiweke habari kwenye kimo. Tuweke kwenye kasi ya mtikisiko. Mtazame mpiga fidla wa taarabu anapotikisa kidole juu ya uzi: nguvu ya upinde haibadiliki, lakini noti inapanda na kushuka kidogo kidogo. Hiyo ndiyo FM. Wimbi lina kimo kimoja mwanzo mpaka mwisho, ila linabanwa na kulegezwa kama mtu anayepiga kinanda cha mvukuto. Radi ikija ikakiongeza kimo, redio ya FM ina sehemu inayofyeka vichwa vyote vilivyozidi, kama mtu anayefyeka ua likawa sawa. Kilichofyekwa ni radi. Habari haikuguswa, haikuwa huko.

Hapa kuna kichekesho kidogo. Mwaka 1922 mwanahisabati John Carson alikuwa ameshaonesha kwa hesabu kwamba FM haina faida yoyote, na hesabu yake ilikuwa sahihi! Alichokuwa anakipima ni FM nyembamba, iliyobanwa ichukue nafasi ndogo. Armstrong alifanya kinyume: aliiachia ipanuke. Noti ya fidla iyumbe sana, si kidogo. Kadiri inavyoyumba ndivyo makelele yanavyobaki nyuma. Hati zake za ubunifu zilitoka tarehe 26 Disemba 1933. Maisha yake baadaye ni ya kusikitisha: kesi na makampuni makubwa, na mwaka 1945 serikali ya Marekani ikahamisha masafa ya FM, redio zote za FM zilizokuwa zimeshauzwa zikawa maboksi. Alijiua tarehe 31 Januari 1954. Mkewe, Marion, aliendelea na kesi mpaka akazishinda, ya mwisho ikaisha 1967.

Sasa turudi dirishani kwa babu, kwani neno "ipanuke" ndilo lililomnyima FM.

Fanya hesabu hii. Mtangazaji wa 585 akipiga mluzi wa kilohezi 1, hewani hautaikuta 585 peke yake. Utakuta 584, 585 na 586: jahazi katikati na ngalawa mbili ubavuni, na maneno yamo katika ngalawa. Kwa hiyo kituo cha AM kinahitaji nafasi mara mbili ya sauti yake. Kwa upande wetu wa dunia, vituo vya masafa ya kati vimepangwa kila baada ya kilohezi 9. (Jaribu: 585 ni 9 mara 65. Chukua kituo chengine chochote cha MW ukigawe kwa 9, kitagawika.) Kilohezi 9 maana yake sauti inaruhusiwa mpaka kilohezi 4.5 tu. Vile vinanda vya juu kabisa vya kanuni na fidla vinakatwa. Ule mtungi niliousikia mimi ni huu: sauti imefyekwa juu ili majirani wapate nafasi.

FM ya Armstrong, kama inavyotumika leo, inayumba kilohezi 75 kila upande, na inabeba sauti mpaka kilohezi 15. Ukifuata kanuni ya kukadiria upana, ambayo kwa bahati ni ya Carson huyo huyo, unapata kilohezi 180 kwa kituo kimoja. Mtaa wote wa masafa ya kati, kutoka 526.5 mpaka 1606.5, una upana wa kilohezi 1,080. Kwa AM vinaingia vituo 120. Kwa FM vitaingia sita. Sita!

Kwa hiyo FM ilibidi ihame mtaa, ikatafute uwanja mkubwa. Ikapewa megahezi 87.5 mpaka 108. Na huko mawimbi yana urefu wa mita tatu hivi. Wimbi la mita tatu haliambai na ardhi, halirudi kutoka ionosfia. Linakwenda moja kwa moja kama mwanga wa tochi, na dunia ikijipinda, linaendelea zake angani.

Ndiyo maana watu wakisema "FM haifiki mbali kwa sababu ni FM" naumia kidogo. Modulesheni haina kosa hilo. Ndege zinazotua Pemba zinazungumza na mnara wa kuongozea kwa AM, na bado hazisikiki nyuma ya upeo, kwa sababu ziko juu ya megahezi 118. (Kwa nini AM mpaka leo? Marubani wawili wakizungumza pamoja, kwa AM utasikia kwamba kuna wawili. FM humsikiliza mwenye nguvu na kumzima kabisa mwengine, na kwa ndege hilo ni hatari.) Kinachokata safari ni masafa. Lakini FM ilikwenda kwenye masafa hayo kwa sababu ya upana wake, na upana wake ndio usafi wake. Huwezi kuchukua kimoja ukaacha chengine.

Namba yetu ya kilomita 150 sasa. Upeo wa redio kwa kilomita unakadiriwa kwa kuchukua kipeuo cha pili cha urefu wa antena kwa mita, mara 4.12. Mnara wa mita 100 unaona kilomita 41. Antena ya mita 4 juu ya paa Kiuyu inaona kilomita 8. Jumla 49, sawa na mtu anayetaka kwenda Wete akaishia Nungwi. Ili mjini Unguja paonane na paa lile Kiuyu, mnara unatakiwa uwe na urefu wa zaidi ya mita 1,100. Ukingo wa Masingini, ambako ndiko juu kwa Unguja, haufiki hata mita 150. Haiwezekani, na si suala la nani kanyimwa bajeti. Mombasa iko karibu kidogo, kiasi cha kilomita mia hivi, na usiku ambao hewa baridi imelala juu ya bahari na hewa ya joto juu yake, tabaka hizo huwa kama bomba linalolipindisha wimbi likafuata maji. Ndiyo zile siku babu alizopata matangazo ya biashara ya Kenya bila kuyataka.

Dawa ya FM ni moja tu: mnara wako uwe karibu. Wilaya ya Micheweni ikapata redio yake ya jamii, kwa msaada wa UNESCO, na kwa mara ya kwanza swichi ile ikahamia FM ikabaki huko. Na hapa ndipo ninapoona jambo ambalo vitabu vyangu vya uhandisi havilisemi. Kwa miaka sitini AM iliwafanya watu wa Kiuyu wasikilizaji. Sauti ilitoka Unguja, Cairo, London, na wao wakapokea. Wimbi la mita tatu, kwa udhaifu wake, lilikataa kutoka mjini, likawalazimisha watu wa Micheweni wawe na maikrofoni. Ukisikia mtu anazungumzia bei ya mwani kwa lahaja ya kwao, bila kujisahihisha, ujue ule upungufu wa wimbi una mkono wake hapo.

Lakini usishangilie kabla hujapanda ngalawa. Mnara wa mita 50 na redio mkononi mwa mvuvi baharini, piga hesabu ile ile: unapata kilomita 35 hivi, ikiwa mtambo wenyewe una nguvu za kutosha. Nje ya hapo, nyuma ya rasi, hakuna kitu. Simu nyingi tulizonazo mfukoni, zile zenye redio, zina FM tu. Waya wa spika za masikioni ndio antena. Mei 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilipokuwa inatoa tahadhari za kimbunga Hidaya, aliyekuwa na mtandao wa simu alizipata. Aliyekuwa dago, mbali na minara ya simu na ya FM, alihitaji wimbi refu linaloambaa na maji, na chombo cha kulipokea. Masafa mafupi ya Zanzibar, kilohezi 11735 kutoka mitambo ya Dole, yamesikiwa na wapenzi wa redio mpaka Ulaya. Ni ajabu kwamba mtu wa Ulaya mwenye redio ya zamani anaweza kukisikia kituo ambacho mvuvi wetu mwenye simu mpya hawezi kukipata.

Ikiwa nyumbani kwenu bado ipo redio yenye swichi ya alama tatu, ifanyie jaribio usiku huu. Iweke MW, mahali pasipo kituo, kisha mwambie mtu azime na kuwasha taa ya chumba. Utasikia "tk". Ihamishe FM kwenye kituo kinachoshika vizuri, arudie. Halafu irudishe MW, zungusha taratibu kutoka mwanzo mpaka mwisho, na uhesabu vituo visivyozungumza Kiswahili. Mchana hutavikuta: tabaka la chini la ionosfia, ambalo linameza mawimbi haya wakati wa jua, usiku hutoweka, na vituo vya nchi za mbali vinaingia. Ya babu bado inafanya kazi. Mpira wa baiskeli ndio uliobadilishwa.